Waya Uliotakiwa Kulala Chini

Historia ya bweni la pili haijaandikwa, kwa sababu waliopaswa kuiandika walikuwa wakidurusu. Ingeandikwa, sura yake ndefu kuliko zote ingehusu Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, na mvulana wa kidato cha tatu aliyeitwa Kichwa-Waya.

Dada yake mkubwa alikuwa amepata kazi ya utangazaji katika kituo kidogo cha redio ya masafa ya kati, mbali kabisa, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu alisoma matangazo kwa dakika kumi. Barua yake ya mwisho kwa mdogo wake ilikuwa fupi: "Tangu nianze sijapata barua hata moja ya msikilizaji. Naona nazungumza na ukuta. Jumatatu mwezi unaisha. Kama hakuna atakayekuwa ameniandikia, naacha kazi, narudi kuuza vitambaa na shangazi."

Kichwa-Waya alimfahamu shangazi yao. Alimfahamu pia dada yake, ambaye tangu ana miaka saba alikuwa akitangaza ugomvi wa nyumbani kwa kushika mwiko kama maikrofoni. Barua ya kwanza ya msikilizaji angeiandika yeye. Lakini angeiandika kwa haki, yaani amsikie kwanza. Na ili ifike Jumatatu, ilibidi iondoke na basi la Jumapili alfajiri.

Tatizo ni kwamba redio ya bweni ilikoroma tu. Jenereta ya jikoni na taa za korido zilikuwa zikiimeza kila sauti ya mbali. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyemfundisha ujanja: chukua waya mrefu, ulaze chini kwenye nyasi, uunyooshe kuelekea kituo. Utanasa sauti kidogo kuliko antena ya juu, ila kelele utanasa kidogo zaidi. "Ukiwa sokoni hupandi juu ya meza ili umsikie mwenzako," alisema mwalimu. "Unainama."

Basi Ijumaa, kwa ruhusa ya mwalimu huyo, alipewa waya wa simu ya zamani ya zahanati, mita mia mbili na kumi. Akaazima dira ya chumba cha jiografia, akautandaza waya kutoka dirisha la nyuma la bweni, ukapita kando ya nguzo za kuanikia nguo, ukavuka uwanja wa mpira hadi kwenye uzio. Alipomaliza, jua lilishazama na dada alishamaliza matangazo. Lakini jina la kituo lilisikika, likifuatwa na muziki, safi kama liko chumba cha pili. Kichwa-Waya alicheza peke yake baina ya vitanda, jambo ambalo mashahidi walikubaliana kulisahau.

Jumamosi alikuwa na zamu ya kumenya viazi. Alipotoka jikoni saa kumi na mbili na dakika kumi, alikimbilia dirishani, akawasha redio. Ikakoroma kuliko siku zote.

Alichungulia nje. Waya wake ulikuwa juu kwa juu, umefungwa kwenye nguzo za kuanikia, na juu yake yananing'inia mashati thelathini na nane.

Hapa lazima ielezwe habari ya Matroni, mlezi wa bweni. Jumamosi ni siku ya ukaguzi, na sheria yake ya ukaguzi ilikuwa moja: kitu chochote kisicho na miguu kisikutwe chini. Masanduku yalipanda vitandani, ndoo zikatundikwa misumarini. Alipouona waya umejilaza uwanjani kama mgonjwa, aliwaamuru wa kidato cha kwanza waunyanyue. Na kwa kuwa ulikuwa waya imara, akaona usikae bure.

Kichwa-Waya alimkuta mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umekuja kunishukuru kwa kamba?"

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Matroni alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo antena yako hufanya kazi ikiwa imelala."

"Ndiyo, Matroni."

"Afadhali yake. Wewe ukilala hufanyi kitu. Na mashati niyaweke wapi, kwenye vumbi?"

Kichwa-Waya akampa barua ya dada. Matroni aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Kisha akauliza zimebaki dakika ngapi. Zilikuwa tisa. Akatoa filimbi.

Bweni zima lilijipanga kwa mazoea. Amri ilikuwa kila mtu achukue shati lake, alivae. Kijiko, mlafi wa bweni, alilalamika kwamba lake bado linachuruzika.

"Vizuri," alisema Matroni. "Leo utakuwa umeoga."

Wavulana thelathini na nane waliolowa walishika waya kutoka bwenini hadi kwenye uzio, Kichwa-Waya akipiga mbio na dira, huyu sogea, yule rudi nyuma, mpaka ukanyooka. Matroni akapuliza filimbi, wote wakainama pamoja, wakaulaza kama mtoto aliyesinzia.

Wakajazana dirishani. Mkoromo ulikuwa umezama chini, na juu yake sauti ya mwanamke ikasema amepotea punda mwenye sikio moja jeupe. Ikavuta pumzi kidogo kabla ya kutaja namba ya nyumba, kama ilivyokuwa ikivuta enzi za mwiko.

"Ndiye," alisema Kichwa-Waya, akachukua kalamu.

Punda, daraja lililofungwa, mkutano wa wakunga, yote waliyaandika. Mwishoni sauti ikatulia. "Kama yupo anayenisikia, jioni njema. Kama hayupo, jioni njema, ukuta."

Bweni lililipuka. Matroni mwenyewe alipiga makofi mawili, akajifanya anaua mbu.

Barua ilieleza yote, hadi mashati mabichi, ikatiwa saini thelathini na nane, karatasi ikiwa na unyevunyevu, ikagongwa muhuri wa stoo: IMEKAGULIWA. Dereva wa shule aliikabidhi kwa kondakta kabla jua halijachomoza.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, waya ukiwa umelala kwa kibali maalumu, sauti ilichelewa kuanza. Ilivuta pumzi mara mbili.

"Jioni njema, ukuta," ilisema. "Vaeni nguo kavu."