Mguu wa Mkaza Mwana

Tumpe aliruhusiwa kutoka hospitali ya misheni akiwa na chuma ndani ya muundi wa mguu wa kulia, magongo mawili, na maelezo ambayo daktari aliyarudia mpaka akaridhika kwamba yameeleweka. Kidonda kioshwe na kufungwa upya kwenye zahanati ya karibu, na mtu aliyenawa mikono. Kisipakwe kitu chochote. Dawa zimezwe mpaka ziishe hata kama maumivu yamekwisha. Mguu ukipata joto, ukitoa usaha, au homa ikipanda, arudi siku hiyohiyo, kwa sababu vijidudu vikishafika kwenye chuma, vidonge peke yake haviviwezi.

Mguu huo ulivunjwa na lori la mnunuzi wa ndizi. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori yalikuwa yakipanda mpaka vijiji vya juu ya ziwa Kisiba, na wanawake ndio waliopakia mikungu. Lori lilirudi nyuma kwenye utelezi, likambana Tumpe kwenye ukingo wa barabara, mfupa ukatokeza nje. Daktari aliuosha mfupa, akaunga, akashona. Kazi yake ilikuwa safi.

Tatizo lilikuwa zahanati. Nesi aliyekuwa akifunga vidonda alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi mwaka ule, na mganga akabaki peke yake. Mganga mwenyewe alikuwa Mzee Hosea, baba mzazi wa Nsajigwa, mume wa Tumpe.

Kwa desturi ya kwao, mkaza mwana haonani na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, huingia kwenye migomba mpaka apite. Hali naye, halitamki jina lake, hasemi naye ana kwa ana. Mjini Tukuyu wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini Mzee Hosea alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba yake ilitazamwa. Kumfunga mkaza mwana kidonda cha mguu, ameshika muundi wake mikononi, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyethubutu hata kulipendekeza.

Kwa hiyo ukoo ulikaa ukapanga. Mzee angetoa gauzi safi, mkewe Esnath angezileta nyumbani, na mdogo wake Nsajigwa, Ackson, ambaye alikuwa amefungua duka la dawa huko Mpuguso, angefunga. Shemeji hana mwiko. Kila mtu aliona mpango ni mzuri. Tumpe hakuulizwa.

Ackson alikuwa mcheshi na mwepesi wa mikono, na hakuwa amesomea chochote. Alimtania shemeji yake kwamba kwa chuma kile hatapotea, watamtafuta kwa sumaku. Kisha akafanya kama walivyofanya wateja wake wote: akafungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Siku iliyofuata akamwaga tena. Unga ukashikamana na majimaji, ukawa gamba gumu la manjano. Majirani waliokuja kumjulia hali walisema ndaga, ashukuriwe Mungu, kidonda kimekauka.

Tumpe aliwaambia kwamba chini ya gamba kunagonga kama moyo. Aliambiwa mfupa ndivyo unavyounga. Alipomwambia Nsajigwa kwamba anataka kurudi hospitali, mumewe alitazama chini akasema Ackson atajisikia vibaya. Na kila jioni Mzee Hosea alimuuliza mkewe kama kidonda kimekauka, Esnath akajibu kwamba kimekauka, na mzee akala ugali wake kwa amani.

Homa ilipompanda hata meno yakagongana juani, Tumpe alichukua magongo yake akaenda zahanati. Alipita wanawake waliokaa kwenye benchi, akaingia chumba cha mganga, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa na kuvuta khanga mpaka gotini.

Mzee Hosea aligeukia ukuta mara moja.

"Mwambieni atoke," aliwaambia wanawake wa mlangoni.

"Niambie mwenyewe, baba. Niko hapa."

"Mwanangu, unanivunjia heshima."

"Mguu unaoza, baba. Heshima yako ni nzima."

Huenda mzee angeendelea kuutazama ukuta, lakini harufu ilimfikia, na harufu ile alikuwa ameifanyia kazi maisha yake yote. Aligeuka. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti. Alipobonyeza kando ya gamba, usaha ulichuruzika chini ya kidole chake.

"Nani amemwaga unga hapa?"

"Mwanao. Akafunga kwa gauzi zako."

"Niliambiwa kimekauka."

"Kimekauka juu. Wewe umesomea kazi hii, baba. Toka lini kidonda kikatibiwa kwa kusimuliwa?"

Mzee alikifunika kidonda kwa gauzi safi bila kukichokoa, akatoka mwenyewe kusimamisha lori la majani ya chai. Tumpe aliwekwa mbele karibu na dereva. Mzee alipanda nyuma, juu ya magunia.

Daktari alimrudisha chumba cha upasuaji. Alifungua, akakata nyama iliyokufa, akaosha kwa maji mengi, akatuma usaha maabara ijulikane ni dawa gani itauweza. Chuma alikiacha kwa kuwa bado kilishika vizuri na mfupa ulikuwa haujaunga. Dawa ziliingia kwa mshipa kwanza, vidonge baadaye. Alimwambia waziwazi kwamba mguu umebaki, lakini kwa muda mrefu hautaaminika. Na kwamba kama angesubiri zaidi, mazungumzo yao yangekuwa juu ya kukata.

Esnath alikuja wodini na ujumbe wa ukoo: watu wa kwao Tumpe watoe ng'ombe, kusafisha aibu ya zahanati.

"Waambie kwanza waniambie kosa ni lipi, mama," Tumpe alisema. "Kuonyesha, au kutoangalia?"

Ng'ombe hakutajwa tena.

Aliporuhusiwa, maelezo yalikuwa yaleyale, na zahanati ilikuwa ileile. Alikwenda amejiandaa kugombana. Lakini chumba cha mganga kilikuwa kimebadilika: kutoka ukuta hadi ukuta ilining'inia shuka kuukuu, imefungwa kwa kamba kwenye misumari miwili, na chini, kwenye kimo cha muundi, ilikuwa imekatwa tundu la kupitisha mguu. Upande wa pili mtu alikohoa kwa adabu.

Tumpe alisimama akaitazama. Kumbe ilikuwa shuka tu. Misumari miwili na mkasi. Kwa kukosa vitu hivyo alikuwa amepasuliwa mara ya pili.

Aliketi, akapitisha mguu.

"Shuka hii, baba," alisema, "siku ya kwanza ilikuwa wapi?"

Upande wa pili alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha sabuni, kisha mikono ikisuguana kwa muda mrefu.