BOSI 8 Ipo Moja Tu

Wenzangu hupewa namba ya gari, wakaifunga, maisha yakaendelea. Mimi nikaona hayo ni mambo ya watu wasio na jina. Mimi ni dalali wa nyumba, na mteja wangu mmoja, mfanyabiashara anayezunguka nchi za nje, alikuwa amenijaza kichwa: kuna nchi wanaikimbia namba nne kwa kuwa kwa lugha yao inasikika kama kifo, kwingine ghorofa ya kumi na tatu hurukwa kwenye lifti, lakini nane ni utajiri, watu wanaigombania mnadani. Nikajikamua, nikalipia nikatengenezewa namba yangu binafsi: BOSI 8.

Mama hajui kusoma. Nilimshika kidole nikakipitisha juu ya ile nane, duara juu ya duara. "Nchi nzima ipo hii moja tu, mama," nilimwambia. Tangu hapo kila nikienda kwake, yeye huifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wake.

Jumanne mvua ilimwagika. Nilikuwa nimempakia yule mteja, nampeleka kuona nyumba. Kituoni nikamwona mama, anatoka zahanati, mfuko wa dawa kichwani, kandambili zimejaa tope. Akaitambua namba, akanyoosha mkono.

"Huyo mama anakuita wewe?" mteja akauliza.

"Wapi. Anatafuta usafiri tu."

Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo niliuona mkono wake bado uko juu. Uongo ndiyo kazi yangu, lakini wa kumkana mama ulikuwa wa kwanza. Na nyumba yenyewe mteja hakuipenda.

Njia ya mwongo ni fupi. Jioni ile ile ilinifikisha kwa mama. Jirani yake akanidaka mlangoni.

"Tulikuwa wote kituoni. Nikamwambia, si gari la mwanao lile? Akakataa katakata. Eti mwanangu hawezi kunipita."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ardhi ingepasuka, ningeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Mama alikuwa amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hakuniuliza nilikotoka.

"Mwanangu, kumbe zile namba zipo mbili?"

Alikuwa ananipa pa kutokea, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikapita hapo hapo.

"Zipo mbili, mama."

Akasogeza kikombe cha chai upande wangu.

"Basi huyo mwenye ya pili ukimwona, mwambie mama yake alifika salama."