Herufi Sita

Kaka yake Eunike ana mkono wa birika, na kijiji kizima cha Poli kinajua. Stanley ni mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kisongo lakini ananunua sukari robo robo, mtu wa kuzima gari kwenye mteremko eti injini ipumzike. Haya, hayo ni yake na mke wake. Lakini safari hii lilikuwa kaburi la baba, na Eunike aliapa kwamba huko ubahili hautatia mguu.

Baba yao, Mzee Elihuruma Ephraimu Nnko, alikuwa amelala migombani nyuma ya nyumba mwaka wa pili sasa. Juu yake palikuwa na udongo na msalaba wa mbao ulioanza kuliwa na mchwa. Tangu siku ya mazishi mama yao aliomba kitu kimoja tu, jiwe lenye jina. "Nikipita kukata majani ya ng'ombe, nimsome," alisema. Mama alijifunza kusoma ukubwani, darasa la kanisani, na mpaka leo anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Hakuomba tanki la maji wala umeme wa jua. Jiwe lenye jina, basi.

Eunike ni muuguzi, anaishi mjini, Njiro, na wanawe wawili, na mshahara wake unaisha kabla mwezi haujafika katikati. Hata hivyo alizunguka mji mzima kutafuta. Kule Levolosi alikuta vigae vyeupe vya bei ya kutupa, maandishi ya kupaka rangi. Aligusa herufi moja kwa ukucha ikabanduka. Yaani mvua mbili za masika na marehemu anabaki hana jina! Kule Kisongo akamkuta fundi Lemomo, anachonga jiwe jeusi kwa patasi, herufi zinazama ndani kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Eunike akamwona mama pale pale, na kidole chake. Bei ilikuwa mara tatu ya kile kigae, na maandishi yanalipiwa peke yake, kila herufi elfu tano.

Wiki tatu alibishana na kaka yake kwenye simu. Wiki tatu!

"Mdogo wangu, jiwe ni jiwe. Baba hatalisoma."

"Mama atalisoma."

"Hata cha Levolosi atakisoma."

"Mpaka lini? Kaka, usinipandishe presha. Mimi nusu yangu ninatoa, nimeshakopa kazini. Punguza soda, punguza turubai, nipunguze hata mimi chakula nisile. Jiwe usiliguse!"

Stanley akavuta pumzi ya mtu anayeng'olewa jino. "Sawa. Jiwe sitaligusa."

Eunike nusura aangushe simu. Na kwa kuwa duka la Stanley lilikuwa jirani na kibanda cha fundi, wakakubaliana yeye ndiye apeleke hela na karatasi ya maandishi. Umwachie fisi bucha, halafu uende kazini umetulia!

Siku chache baadaye Lemomo alimpigia. Eunike alikuwa wodini, amesimama tangu alfajiri, ameshika mkono wa mgonjwa anautafuta mshipa usiopatikana.

"Dada, kaka ameniletea maandishi. Nikusomee uhakikishe?"

Kusikia tu neno "kaka" kichwa kikaanza kumgonga. Alichoka jamani, alichoka na Stanley, na mawe, na hesabu.

"Usinisomee, fundi. Fanya kama kaka alivyosema." Akakata simu.

Jumamosi ya ibada ya kumbukumbu, wageni wakitegemewa saa nne, jiwe lilikuwa limeshasimikwa na kufunikwa kitambaa cheupe ili mchungaji alifunue mbele ya watu. Saa tatu mama akatoka jikoni na ndoo na kitambaa cha kufutia vumbi, amevaa gauni lake la kanisani.

"Mama, inabidi mchungaji ndiye alifunue," Eunike alimwambia.

"Mchungaji ndiye aliyeolewa naye?"

Eunike akacheka, akamsaidia kuvuta kitambaa. Lo, lile jiwe! Jeusi, linang'aa, majani ya migomba yanaonekana ndani yake. Pembeni fundi alikuwa amechonga maua ya kahawa, ua kwa ua. Deni lote la kazini akaliona halali. Kisha akasoma.

MZEE ELI E. NNKO
1949–2023
ZAB. 23

Akasoma tena. Nyuma yake Stanley alikuwa anapanda kutoka barabarani alikoacha gari, kreti mbili za soda mikononi, uso umejaa furaha.

"Shikamoo mama! Eunike, umeliona jiwe? Si nilikuahidi sitaligusa? Hata inchi sikupunguza! Nimebana kwenye maandishi tu."

"Kwenye maandishi tu?"

"Sasa Ephraimu yote ya nini, nani hamjui babu? Na Zaburi, kila mtu ana Biblia kwake, akasome. Na Eli ndivyo sokoni kote walivyomwita. Mzee Eli. Mbona unanitolea macho?"

Mama hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameinama, kidole kimezama ndani ya herufi ya kwanza ya jina. "E," alisema taratibu. "Li. Eli." Kidole kikateleza kwenda mbele, kikakuta jiwe tupu kabla ya ile E ya babu, kikasimama. Akakirudisha mwanzo. "E. Li." Akapapasa tena pale patupu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Huruma wangu yuko wapi?" akauliza.

Huyu mama hakuwahi kumwita mumewe Eli, hata siku moja. Eli alikuwa wa sokoni. Nyumbani alikuwa Huruma. Huruma, chai iko tayari. Huruma, ng'ombe katoka. Na ile wiki ya mwisho kitandani, Huruma, kunywa maji kidogo, Huruma.

"Mama, ni yeye yule yule," Stanley alisema, sasa sauti imepungua. "Ni kifupi tu."

"Eli ni Mungu, Stanley. Mungu hajalala hapa. Aliyelala hapa ni Huruma."

"Herufi sita!" Eunike alimgeukia kaka yake, machozi na hasira vimechanganyika. "Elfu thelathini, kaka! Ni hizo kreti ulizobeba, hizo hizo!"

Stanley akaziangalia kreti, akaziweka chini.

Eunike akampigia Lemomo. Fundi, ongeza herufi sita, leo, sasa hivi, hela ipo.

"Haiwezekani, dada. Jina nimelipanga katikati, na pembeni kote ni maua. Labda jiwe jipya. Lakini dada, mimi nilitaka nikusomee."

Wiki tatu alimwita Stanley bahili, na yeye dakika moja ya kusikiliza ilimshinda.

Kwaya ilianza kusikika kutoka barabarani, wageni wanapanda huku wanaimba. Mama akalifuta jiwe lote, juu mpaka chini, bila haraka. Akalikausha. Kisha akavuta kile kitambaa cheupe, akalifunika, akachomeka pembe zake zote chini kama anavyotandika kitanda.

"Mama, mchungaji huyo anafika," Stanley alisema. "Atafunua nini sasa?"

"Hatafunua," mama alijibu, akaokota ndoo yake. "Wape watu soda. Na uwaambie Huruma bado hajafika."