Mdomo wa Mama Mkwe

Ruksa ya kufungua kliniki binafsi, iliyokuwa imefutwa na serikali, ilipotolewa tena, shemeji yangu Leonard aliacha kazi ya serikali, akafungua chumba cha meno pale Mwembesongo, chenye kiti cha kuzunguka kutoka Dubai. Tangu hapo akawa anatembea kifua mbele kama jogoo mwenye uwanja wake. Sikuwahi kumpenda, wala sioni haya kusema.

Mama yetu, Eufrazia, aliteremka kwangu kutoka milimani Mgeta akiwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Miaka mingi alikuwa anaweka ugoro mdomoni. Kidonda hakikumuuma sana, ila kilikataa kupona. Dada yangu Jesca, mke wa Leonard, akampelekea mumewe habari. Bwana mkubwa akasema hawezi kumpanulisha mama mkwe kinywa. Kwetu hata kula mbele ya mkwe ni aibu, sembuse kumshika ulimi. Haya, tukaelewa. Basi tukamwomba ampeleke kwa Issa, daktari wa meno wa mtaa wa pili. Hapo akawaka. Watu watasemaje, mkwe wake akitibiwa kwa mshindani? Akawa anampa Jesca dawa ya kusukutua amletee mama, chupa baada ya chupa, bila kutazama chochote. Mpaka mama akawa anameza uji huku amekunja uso.

Na mtu huyuhuyu ndiye aliyechaguliwa kuwafundisha wenzake wa meno kuhusu saratani ya kinywa. Nyani haoni kundule. Siku ya semina nikamshika mama mkono, tukaingia ukumbini, tukakaa nyuma. Leonard, tai shingoni, alikuwa anahubiri.

"Mgonjwa akija kung'oa jino, msiishie kwenye jino. Inueni ulimi, tazameni chini, tazameni kando. Kidonda kikipita wiki mbili hakijapona, msigawe dawa ya kusukutua. Mpelekeni akapimwe."

Nikasimama. "Shemeji, mgonjwa huyu hapa. Waoneshe."

Alipomwona mama akageukia ubao, akatupa mgongo. Daktari mzima. Issa ndiye aliyeinuka. Alinawa mikono, akamwamkia mama shikamoo, akaushika ulimi kwa kitambaa safi, akaubonyeza taratibu, kisha akampapasa shingo. Akauliza kidonda kina muda gani, na nani amekuwa akikitazama.

"Tangu masika, baba. Hakuna aliyekitazama," mama akasema. "Mkwe wangu ananiheshimu sana."

Nje, Issa alinieleza waziwazi anachohofia. Kingewahiwa, huenda pangekatwa kipande kidogo tu. Sasa mama aende Dar es Salaam akapimwe upesi, na tujiandae, maana wanaweza kuuondoa ulimi wote.

Leonard akanifuata mlangoni, tai imelegea. "Shemeji, niombee radhi kwa mama."

Nikamwambia akaombe mwenyewe, tena awahi, mama angali na ulimi wa kumjibu.