Kwato za Mbuzi Kwenye Shilingi Ishirini

Karurumo nzima ilikosa chenji kwa sababu ya macho ya Mzee Mbogo. Usicheke, ndio ukweli. Mbogo, karani mstaafu, alisoma kwenye simu kwamba chapa ya kutengenezea sarafu ikichongwa mara mbili kwa makosa, maandishi hutoka mawili mawili, na wakusanyaji hulipa sarafu hiyo bei ya ng'ombe. Basi akanunua lenzi, akaketi nje ya duka la Kithaka, na watu wakaanza kumwita Profesa. Miaka thelathini kazini aliitwa "wewe karani" tu. Jina hilo jipya alilipenda kuliko chakula.

"Angalia pembe za herufi," alifundisha. "Ya kweli imepasuka kama kwato za mbuzi. Ukiona ngazi bapa tu, hapo mashine ilitetemeka. Hiyo kanunulie mandazi."

Lakini wapi! Kila sarafu aliyoletewa ilikuwa na kwato. Akala kuku alioletewa kama malipo ya uchunguzi mpaka akachoka, watu wakashonea sarafu ndani ya magodoro wakingoja mnunuzi asiyejulikana jina wala sura, na Kithaka akabaki kurudisha chenji kwa peremende, hasira zimempanda.

Siku moja Kithaka akang'oa kifungo cha shati lake, akamwekea Profesa kiganjani. Mbogo akainama na lenzi yake.

"Weh! Hii ina matundu manane!"

Yalikuwa manne. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Igoki, mke wa Mbogo, hakucheka. Alimshika mkono mpaka kwa daktari wa macho mjini Embu, akatolewa mtoto wa jicho. Magodoro yakapasuliwa, chenji ikarudi, na Profesa akawa Mzee Mbogo tena. Iliuma, haki iliuma.

Miezi miwili baadaye, Igoki alitoka sokoni na shilingi ishirini ya zamani. Mbogo akaitupia jicho kwa mazoea tu. Ile K ya KENYA ilikuwa imepasuka pembeni. Akafuta lenzi. Akailinganisha na sarafu tatu zilizokuwa mezani, zote safi. Hii ilikuwa na kwato.

"Mama Winrose! Hii ni ya kweli! Njoo uone!"

Igoki hakuangalia sarafu. Alimwangalia yeye machoni, kwa huruma.

"Ngai, Baba Winrose. Yale ya macho yamerudi?"

"Nimeiona kwa macho haya haya!"

"Hata matundu manane uliyaona." Akaichukua polepole, kama anayempokonya mtoto kisu, akaenda zake dukani. Alirudi na pakiti ya chumvi.

Mbogo hata viatu hakuvaa. Alifika kwa Kithaka akihema.

"Ile ishirini ya mke wangu iko wapi?"

"Nimeshaitoa chenji."

"Umempa nani?"

"Aa, watu ni wengi," Kithaka akasema, akimsukumia peremende moja juu ya kaunta. "Pole, Profesa."