Gari Mwali

Gari lisilokodiwa, sisi wahamishaji tunaliita mwali: limewekwa ndani, halitoki. Kazi yetu ni kuyatoa magari ya kampuni, yanayokodiwa kwa simu, yanakolala na kuyapeleka yanakogombewa, ili mwenye haja akifungua simu alikute moja karibu. Basi chini ya ghorofa anakoishi wifi yangu palikuwa na mwali wa wiki nzima. Kompyuta ikasema mtaa huu hauna wateja, hamisha. Nikalipeleka kwenye maofisi, huku nikiwacheka watu wa mtaa ule kwa kupenda kutembea.

Ndiyo kwanza nalikabidhi kwa bwana mmoja mwenye tai, wifi akapiga simu.

"Wifi, uchungu umeanza, na mwali simwoni."

"Nimemhamisha. Si hamumtaki?"

"Nani hamtaki? Majirani wote wamekuwa wakimwacha kwa ajili yangu. Hata yule mzee wa magongo siku hizi anapanda basi."

Watu walijinyima, mashine ikasoma kwamba hawana haja, nami mjuzi wa kazi nikaitikia hewala. Kaka yangu alikuwa safarini, na kila teksi aliyoiita wifi ilimwambia asubiri.

Kwetu gari likishapokewa, aliyelipokea tu ndiye awezaye kuliachia. Nilimweleza yule bwana. Akasema anakwenda kwenye usaili wa kazi, ng'ambo ya mji, na hana kazi tangu mwaka jana. Akatazama saa. Kisha akabonyeza simu yake, gari likarudi mikononi mwangu.

"Nenda, dada. Ila usikimbize sana."

Nilikuta majirani wameshamshusha wifi ngazi zote, wamembeba kwenye kiti. Alijifungua salama muda mfupi baada ya kufika hospitali, binti mwenye sauti ya kudai haki zake. Niliporudi mtaani niligonga mlango mmoja baada ya mwingine kutoa shukrani, na yule mzee nikamshika mikono yote miwili. Nilishukuru hadi nikaona haya kwa kicheko changu cha asubuhi.

Akabaki yule bwana. Kazini wakanipigia namba yake.

"Usaili ulikuwaje, kaka?"

"Nilikuta wameshafunga mlango."

Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Na mtoto je, alikuta mlango wazi?"

"Alikuta wazi."

"Basi mmoja wetu kawahi, dada."