Vitambaa vya Kutupwa

Rasha aliporudi kutoka Maskati alikuja na mwanawe Muhannad, wa miezi minane, na masanduku matatu. La kwanza lilikuwa la nguo zake, la pili la vitu vya mtoto, na la tatu, alipolifungua mbele ya mama yake, lilikuwa limejaa pakiti za vitambaa vya maji vya kupangusia, vile vyenye harufu ya maua ambavyo ukishatumia mara moja unatupa. Mumewe, Hamed, alibaki huko kumaliza mkataba wa kazi. Rasha angekaa kwa mama yake, mtaa wa Mkunazini, mpaka mwisho wa mwaka.

"Zote hizi za nini?" aliuliza Bi Bahiya.

"Za kumpangusia mtoto, mama. Na meza, na sakafu. Za kila kitu."

Bi Bahiya alichukua pakiti moja, akainusa, akairudisha sandukuni. "Haya," alisema.

Bi Bahiya alikaa juu, katika nyumba ya mawe aliyozaliwa. Chini alikaa Tabia, fundi cherehani, mwanamke wa rika la Rasha aliyehamia kutoka mtaa wa Amani miaka minne nyuma. Chumba cha mbele alikifanya cha kazi, cha nyuma cha kulala. Maji machafu ya juu na ya chini yote yalipita katika bomba moja, yakaingia kwenye chemba iliyokuwa uani, na kutoka hapo yakaenda shimoni. Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa tangu zamani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kulifikiria bomba hilo.

Jikoni mwa Bi Bahiya mlikuwa na vitu ambavyo Rasha alikua navyo na sasa hakuvitaka tena. Dodoki lilining'inia kwenye msumari. Makumbi ya nazi ya kusugulia masufuria yalikaa kikapuni, kando ya mkebe wa majivu. Matambara yaliyochanwa kutoka kanga kuukuu yalitumika, yakafuliwa, yakaanikwa, yakarudi kazini, mpaka maua yake yakafutika kabisa. Dirishani palikuwa na chupa ya siki iliyotiwa maganda ya ndimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya vioo, ya sinki na ya madoa ya bizari.

"Mama, tambara hili jana lilipangusa jiko," alisema Rasha siku moja. "Leo unapangusia meza tunayolia chakula."

"Si nshalifua?"

"Kufua hakuui vijidudu."

Bi Bahiya hakubishana. Alilikunja tambara lake, akenda nalo jikoni, na tangu siku ile meza akamwachia mwanawe.

Tatizo la Rasha lilikuwa taka. Kapu la jikoni lilijaa kabla ya adhuhuri, na pa kuzitupa palikuwa mbali. Unapita vichochoro vitatu na mtoto kiunoni. Nyuma ya pakiti palikuwa na picha ndogo ya choo na mshale. Rasha akaona jibu ndilo hilo. Akawa anavitupa chooni, vitatu, vinne kwa mara moja, anamwagia maji, vinakwenda. Hakumwambia mama yake. Hakuwa akificha; hakuona tu kama ni jambo la kusemwa.

Wiki ya sita, Alkhamisi asubuhi, Tabia alipanda ngazi akapiga hodi. Miguu yake ilikuwa imerowa mpaka vifundoni.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Maji ya choo yamepanda kwangu. Yametoka msalani, yamefika mpaka chumba cha cherehani. Nilikuwa na magauni ya watu kwenye mkeka, nayapima urefu."

Walishuka wote. Sakafu ilikuwa imefunikwa na maji ya kijivu yenye utando wa mafuta, na harufu yake ilikutana nao ngazini. Magauni matatu ya kijani, ya wadogo zake bibi harusi mmoja wa Kidichi, yalikuwa yametundikwa sasa juu ya mlango, mapindo yake yakichuruzika.

Bi Bahiya aliyatazama, akajishika kidevu. "Haya ni makosa yangu," alisema taratibu. "Miaka yote nasugua vyungu kwa makumbi na majivu, na maji yake namwaga kwenye bomba. Nyuzi zile zimejikusanya. Nisamehe, Tabia. Sikufikiri."

Rasha alikuwa amesimama ngazi ya mwisho, mtoto begani. Tangu alipoyaona maji alikuwa na wazo, na wazo lenyewe hakulipenda. Akajiambia huenda kweli ni makumbi. Akanyamaza.

Machano, fundi bomba, hakuweza kuja mpaka Jumamosi. Siku mbili zile hawakumwaga tone la maji bombani, wala juu wala chini. Walikwenda msalani kwa Bi Salhiya, jirani wa nyumba ya pili, kila mara wakipiga hodi na kuomba radhi. Bi Bahiya alikuwa na miaka sitini na minane, magoti yanamuuma, na kila alipotoka aliteremka ngazi kwa kushika ukuta.

Ijumaa, baada ya chakula, Rasha alimkuta mama yake jikoni na gunia. Alikuwa akitia makumbi, dodoki, mkebe wa majivu, na fungu zima la matambara yaliyokunjwa.

"Unafanya nini, mama?"

"Ulisema kweli wewe. Mambo haya yana wakati wake. Nimemtia mtu hasara kwa ukaidi wangu." Akafunga gunia kwa kamba, akaliegemeza mlangoni. "Utanifundisha hivyo vya kwako."

Rasha alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Maneno yalikuwa yamemfika ulimini. Angeweza kuyatoa wakati ule ule, na hakuna ambaye angemla. Lakini alifikiria uso wa Tabia, akafikiria siku nzima aliyokwisha kunyamaza, akaona kusema sasa ni kugumu kuliko jana. Akasema tu, "Usilitupe leo, mama. Ngoja fundi aje."

Jumamosi Machano alifika na waya wake mrefu wa chuma. Aliinua kifuniko cha chemba, akachuchumaa, akausukuma waya ndani ya bomba, akauzungusha. Ulikwama. Akavuta. Kilichotoka kilikuwa kitu kirefu kama kamba iliyosokotwa, cha kijivu, kinene kama mkono wake. Akakivuta kikaendelea kuja, kipande baada ya kipande, mpaka rundo likajaa karai.

"Hivi haviozi," alisema Machano, akikichambua kimoja kwa ncha ya waya mpaka kikakunjuka. "Hata mwakani ungevikuta hivi hivi. Majivu hayazibi bomba hili, Bi Bahiya. Nyuzi za kumbi nazo si kitu, chache tu hizi hapa. Nani ana mtoto mchanga?"

Bi Bahiya alikitazama kile kitambaa. Hakumgeukia mwanawe.

"Ni mimi," alisema Rasha. "Nilikuwa navitupa chooni." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza, akaendelea, "Na tangu juzi nlikuwa nadhani ni mimi. Sikusema."

Machano akarudi kwenye waya wake. Bi Bahiya alinyosha mikono, akamchukua Muhannad.

"Basi shuka ukamsaidie mwenzako," alisema.

Rasha alikimbilia juu, akarudi na karatasi za kupangusia na chupa ya dawa kali ya kutakatisha. Tabia alimzuia mlangoni. "Hiyo usiimwage humu. Ikirukia kitambaa cha mtu, rangi ndiyo basi."

"Na shimoni usiipeleke," alidakia Machano kutoka uani. "Inaua wale wadudu wanaokula uchafu. Shimo litajaa upesi mara mbili."

Rasha akabaki na chupa yake mkononi. Alipogeuka alimwona mama yake, aliyekuwa amepanda taratibu, juu ya ngazi, mtoto mkono mmoja, gunia mkono wa pili. Bi Bahiya aliliachia gunia likateremka lenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka miguuni pa Rasha.

Walifanya kazi tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Tabia alimpa glavu za mpira. Kwanza waliyafagilia uani maji yaliyobaki chumbani, kwa ufagio wa chelewa. Kisha Tabia akamwonyesha kunyunyiza majivu pale palipokuwa na mafuta, kuyaacha yanywe, kuyazoa, ndipo kusugua kwa kumbi na sabuni ya mche na maji ya moto. Matambara ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Tambara moja la kanga lilikunywa maji ambayo yangemaliza bunda zima la karatasi. Ukalikamua, ukalisuuza, ukarudi nalo. Mwisho wakapangusa kuta kwa siki ya ndimu, na chumba kikaanza kunukia kama chumba cha mtu.

"Wewe nani alikufundisha haya?" aliuliza Rasha.

"Mamako," alisema Tabia. "Mwaka ule nlipohamia, mafuta ya cherehani yalimwagika hapa."

Mapindo ya magauni waliyaloweka katika maji baridi, wakayafua kwa mkono, wakayaanika darini. Mawili yalitakata. La tatu likabaki na mstari hafifu, kama alama ya maji kujaa. Tabia aliuangalia kwenye mwanga, akasema itabidi pindo likatwe na litiwe utepe.

"Nipe nifumue," alisema Rasha. "Kushona sijui sana, lakini kufumua naweza."

Jioni, mtoto amelala, Rasha alikaa karibu na mama yake. Alitaka kuomba radhi vizuri, lakini Bi Bahiya alimtangulia.

"Choo ni kitu cha kuzibuka. Lakini ulinitazama naviweka vyangu guniani, ukakaa kwenye mbuzi, ukanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma."

"Naam, mama."

"Usinifanyie tena."

"Sikufanyii tena. Nisamehe."

"Nshakusamehe. Leta hayo matambara, yakunjwe."

Rasha hakugeuka mtu mwengine kwa siku moja. Pakiti zilizobaki hakuzitupa. Alizitumia akiwa safarini au sokoni, na vilivyotumika alivifunga akavipeleka jaani mwenyewe, vichochoro vitatu, mtoto kiunoni. Nyumbani alichana kanga mbili za pamba, akakata vipande vya mraba, akaviweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Kila asubuhi alivichemsha kwa sabuni. Wiki ya kwanza alichoka, akamlalamikia Hamed kwenye simu. Wiki ya tatu Muhannad alipona vipele vya mapajani, na Rasha hakujua kama ni kwa ajili ya vitambaa au ni kukua tu.

Magauni yalikuja kuchukuliwa Jumatano ile ya kwanza, siku nne baada ya bomba kuzibuliwa. Aliyekuja ni Bi Mwanakheri, shangazi yake bibi harusi, mwanamke wa macho makali. Alilipindua gauni la tatu, akaushika utepe.

"Hili mbona lina hiki na mengine hayana?"

Tabia alifungua kinywa, lakini Rasha, aliyekuwa kwenye mkeka akifumua kazi nyengine, ndiye aliyejibu. "Maji machafu yaliliingia, bibi. Makosa yalikuwa yangu, si ya fundi. Tulilifua, pindo halikutakata, tukalikata."

Bi Mwanakheri alilinusa pindo, akalinusa tena. Halafu akayarudisha magauni yote mezani.

"Wale watoto watagombana," alisema. "Yatieni utepe yote. Nitayafuata kesho baada ya alasiri."

Alipoondoka, Tabia alilitupa gauni la kwanza kwenye mapaja ya Rasha, naye Rasha akaokota wembe wa kufumulia na kutafuta uzi unapoanzia.